Pango Lisilo na Mashahidi: Mlima Elgon katika Riwaya ya Kigothi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza uhusiano baina ya mapango ya Mlima Elgon na aina moja ya riwaya ya Kiingereza ya mwisho wa karne ya 19, yaani riwaya ya kigothi iliyochanganywa na safari za ajabu. Kwa riwaya ya kigothi tuna maana ya ile masimulizi ya kutisha yenye magofu, makaburi, maiti wasiooza na mapenzi yanayokataa kufa. Riwaya tunayoilenga hasa ni She ya H. Rider Haggard, iliyotolewa kama kitabu mwaka 1887, pamoja na ile iliyoitangulia, King Solomon's Mines ya mwaka 1885, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua baadaye kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Mada hii haikuzaliwa maktabani. Ilizaliwa katika semina ya fasihi linganishi, pale mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa miteremko ya Elgon upande wa Bungoma, alipouliza: "Mwalimu, hawa wanaoishi makaburini mwa watu wengine, ni sisi?" Kabla hajajibiwa, mwenzake kutoka Kitale akaongeza swali lake: "Na hawa wanaume wawili, mbona hawataki mwanamke aingie nyumbani kwao?" Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Swali la kwanza lilijadiliwa kwa saa nzima. La pili halikurudiwa.

Hoja yetu ni kwamba maswali yale mawili ni swali moja. Riwaya ya Haggard ilihitaji mahali ambapo mapenzi yasiyotajika yangeweza kukaa bila kuonwa, na ili kupapata mahali hapo, ililiondolea pango wenyewe. Msahaulifu wa kweli katika riwaya hii si yule kijana asiyekumbuka maisha yake ya zamani, bali ni riwaya yenyewe, iliyousahaulisha mlima watu wake.

Mlima na wenyewe

Mlima Elgon una urefu wa mita 4,321 na umekaa mpakani mwa Kenya na Uganda. Kutoka Kitale mtu huuona upande wa magharibi. Kutoka Bungoma huuona upande wa kaskazini. Wabukusu na Wagisu huuita Masaba. Jina la Elgon limetokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaoti. Katika miteremko yake ya mashariki kuna mapango makubwa, yakiwamo Kitum na Makingeny, ambayo leo yamo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968. Kitum limeingia mlimani kiasi cha mita 200. Tembo huingia humo usiku, gizani kabisa, wakakwangua kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Wafugaji nao wamekuwa wakichimba chumvi hiyohiyo kwa ajili ya mifugo.

Kwa Wasabaoti, mapango haya yalikuwa maskani. Watu waliishi humo na ng'ombe wao, wakajenga vibanda ndani, na kujikinga dhidi ya maadui na baridi. Kwa Wabukusu, mlima ni makao ya misambwa, yaani mizimu ya wahenga. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa waliupanda kwenda kuomba, na serikali ya kikoloni ilipoipiga dini hiyo marufuku mwaka 1948, Masinde alihamishiwa Lamu. Tunayataja haya mapema ili msomaji akumbuke kwamba mlima huu haukuwa mtupu, wala haukukosa watu wa kuusimulia.

Mwaka 1885

Msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson aliufikia Elgon mwishoni mwa 1883, akiongoza msafara wa Shirika la Kifalme la Jiografia la London uliotoka Mombasa. Hakuwa amefungua njia mpya kwa kiasi anachosifiwa. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikwisha kuzizoea njia za bara, na habari za njia hizo, kama zilivyosimuliwa na Sadi bin Ahedi, zilikuwa zimechapishwa na mmisionari Thomas Wakefield tangu mwaka 1870. Hata hivyo, Thomson ndiye aliyeyaandikia mapango kitabu kilichosomwa sana Ulaya, Through Masai Land, kilichotoka Januari 1885.

Jambo la kuzingatia ni namna alivyoyaeleza. Aliwakuta watu wakiishi humo na mifugo yao, akawaona kwa macho yake. Lakini alipojiuliza ni nani aliyeyachimba, hakuweza kukubali kuwa yangekuwa na uhusiano wowote na watu hao au wazee wao. Alihitimisha kwamba yalichimbwa zamani sana na taifa lenye nguvu na ustaarabu, lililokuwa likitafuta vito au madini ya thamani, na akafika hadi kuwadhania Wamisri wa kale. Hivyo wenyeji wakageuzwa wapangaji katika nyumba isiyo yao.

Haggard hakufika Elgon. Aliishi kusini mwa Afrika kati ya 1875 na 1881, na wahakiki wengine hutafuta asili ya magofu yake huko Zimbabwe. Hatuna haja ya kuwapinga, kwani mwandishi huokota kuni katika misitu mingi. Lakini wataalamu wengi wameona alama za Thomson katika kazi zake, kama vile kioja cha meno ya bandia ambacho Thomson aliwafanyia Wamasai, na ambacho kinajitokeza tena kwa Kapteni Good katika King Solomon's Mines.

Mwaka uleule wa 1885 una mambo mengine mawili yanayotuhusu. Mwezi Februari ulimalizika Mkutano wa Berlin. Mwezi Agosti Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 11, kilicholetwa na mbunge Henry Labouchere, kilifanya kuwa kosa la jinai tendo lolote la "uchafu" baina ya wanaume, liwe la hadharani au la faraghani. Neno "faraghani" ndilo zito hapa. Tangu siku hiyo, chumba cha ndani cha Mwingereza hakikuwa tena kificho mbele ya sheria. Kwa kifungu hicho Oscar Wilde alifungwa mwaka 1895, mwaka uleule ambao Wabukusu walishindwa na majeshi ya Waingereza katika ngome ya Chetambe karibu na Webuye. Sadfa za tarehe si hoja, lakini zinatukumbusha kwamba dola iliyokuwa ikichunguza vyumba vya nyumbani kwake ndiyo iliyokuwa ikibomoa ngome za wenzao.

Pango linafanywa kaburi

She iliandikwa mwanzoni mwa 1886. Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Horace Holly, mwanachuo wa Cambridge mwenye sura mbaya na asiyewapenda wanawake, anaachiwa amana na rafiki yake wa pekee, Vincey: mtoto Leo pamoja na kasha lililofungwa. Leo anapotimiza miaka 25 kasha linafunguliwa, na ndani yake mna kigae cha kale chenye masimulizi ya kuhani Kallikrates aliyeuawa na malkia mweupe wa Afrika kwa sababu ya wivu. Holly na Leo wanasafiri hadi mapango ya Kôr. Humo wanamkuta Ayesha, ambaye amemngoja Kallikrates kwa zaidi ya miaka 2,000 akiihifadhi maiti yake isioze. Anamtambua Leo kuwa ndiye mpenzi wake aliyezaliwa upya. Leo mwenyewe hakumbuki lolote.

Katika mapango ya Kôr kuna watu waitwao Amahagger. Hawakuyachimba mapango hayo. Yalichimbwa na taifa la kale lililostaarabika na kutoweka kwa tauni. Amahagger wanaishi tu miongoni mwa makaburi ya taifa hilo, na katika sherehe zao huwachoma maiti wa kale kama mienge. Anayemjua Thomson hawezi kukosa kuliona wazo lake hapa: watu wanaoishi katika mapango ya watu wengine, wasiojua nani aliyewatangulia. Lile lililokuwa dhana ya msafiri limekuwa sheria ya ulimwengu wa riwaya. Pango lililokuwa na ng'ombe, watoto na moshi wa jikoni limegeuzwa kaburi.

Ndipo tunapoweza kulijibu swali la kwanza la semina. Amahagger si picha ya Wasabaoti, kwa maana Haggard hakuwajua. Ni picha ya nafasi waliyopewa Wasabaoti katika maelezo ya Thomson: nafasi ya watu wasio na kumbukumbu. Kumbukumbu yote ya Kôr amepewa Ayesha peke yake, naye ni mweupe. Akifa yeye, historia ya mahali pale imekufa.

Mapenzi yasiyotajwa

Tugeukie swali la pili. Holly anapompokea mtoto anaamua kwamba hapatakuwa na mlezi wa kike nyumbani, kwa kuhofia kwamba mwanamke atamnyang'anya mapenzi ya mtoto. Anamwajiri mtumishi wa kiume. Mapenzi hayo ni ya mzazi, na si haki kuyatwisha zaidi ya hapo. Kinachodai uhakiki ni umbo la hadithi nzima: nyumba ya wanaume, safari ya wanaume, na mwisho ambapo wanaume wawili wazima wanaondoka pamoja kuelekea Asia bila haja ya mtu mwingine duniani. Katika King Solomon's Mines msimulizi anajitapa kwamba hadithi yake haina wanawake, ukiwatoa wawili.

Eve Kosofsky Sedgwick, katika Between Men (1985), alionyesha jinsi fasihi ya Kiingereza ilivyojengwa juu ya uhusiano wa wanaume kwa wanaume unaopitia kwa mwanamke aliyewekwa katikati yao, na jinsi riwaya ya kigothi ilivyobeba hofu ya uhusiano huo kuvuka mpaka. Elaine Showalter, katika Sexual Anarchy (1990), alizisoma hadithi za safari za miaka ya 1880 kama njia ya kuikimbia ndoa na riwaya ya nyumbani, na kuwafikia wanaume wenziwe mbali na macho ya jamii. Mihimili hii tunaikubali. Tunachoongeza ni swali ambalo wahakiki hao hawakuliweka katikati: hayo macho ya jamii yaliepukwaje? Yaliepukwa kwa kuwafanya watu wa mahali pale wasiwe watu wa kuona.

Tazama jinsi mashahidi wanavyoondolewa. Foulata, mwanamke Mwafrika anayempenda Good, anafia ndani ya mashimo. Ustane, mwanamke wa Amahagger aliyemchagua Leo hadharani kwa mila ya kwao, anauawa na Ayesha. Wote wawili ni Waafrika, wote wawili wamependa Wazungu, na wote wawili wanazuiwa kurudi na wapenzi wao. Haggard, kwa hiyo, ana mapenzi ya aina mbili yasiyoruhusiwa Uingereza. Yale ya mweupe na mweusi anayataja, kisha anayaua. Yale ya mwanamume na mwanamume hayataji, na kwa sababu hiyo yanaishi hadi ukurasa wa mwisho. Hatudai kwamba Haggard alikusudia hivyo, wala kwamba alikuwa akikijibu kifungu cha 11. King Solomon's Mines ilikwisha kuandikwa kifungu kilipopitishwa. Tunadai tu kwamba katika nchi ambayo faragha ilikuwa imeharamishwa, riwaya ilijichongea faragha katika mlima wa wengine.

Mlima ulioacha kuota

Miaka arobaini baada ya Thomson, mwaka 1925, alifika Elgon mwanasaikolojia wa Uswisi, C. G. Jung. Alipiga kambi miongoni mwa watu aliowaita Elgonyi, akizungumza nao kwa Kiswahili cha kubahatisha. Jung aliithamini sana She. Kwake Ayesha alikuwa mfano bora wa sura ya mwanamke iliyofichika katika nafsi ya mwanamume. Kwa hiyo alikuja mlimani akiwa tayari na pango kichwani mwake.

Katika kumbukumbu zake anasimulia alivyomuuliza mzee mmoja mganga juu ya ndoto. Mzee alimweleza kwamba zamani waganga waliota na kujua habari za vita, maradhi na mvua. Tangu Wazungu waje, hakuna aotaye tena. Ndoto hazina kazi, maana Waingereza wanajua kila kitu. Jung aliona hapo huzuni ya dini inayokufa. Sisi tunaweza kusikia pia kejeli ya mzee aliyechoka kuulizwa. Kwa vyovyote vile, huyu ndiye shahidi aliyekosekana Kôr: mtu wa mlimani anayesema wazi kwamba kumbukumbu haikupotea yenyewe, bali imepokonywa kazi yake.

Desturi ya kulifanya pango kuwa kaburi haikukoma hapo. Baada ya wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, wa 1980 na 1987, kujulikana kuwa walikuwa wamelitembelea Kitum, kitabu cha Richard Preston, The Hot Zone (1994), kililitangaza pango hilo duniani kama tundu la kifo. Mgeni wa leo hulifahamu kwa virusi kabla hajasikia kwamba palikuwa na watu.

Mashimo katika Kiswahili

Mwaka 1929 Longmans walitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosimamia Kiswahili sanifu. Tafsiri hii ilisomwa shuleni kwa vizazi kadhaa, na ni miongoni mwa vitabu vilivyowaonyesha waandishi wetu wa mwanzo riwaya ndefu ya nathari inavyokuwa. Hivyo Haggard si mgeni tu katika fasihi ya Kiswahili; ni mmoja wa walezi wake, tutake tusitake.

Jina la tafsiri lastahili kutazamwa. Mahali pa kuchimbia madini kwa Kiswahili ni machimbo au migodi. Machimbo yametokana na kuchimba, na kwa hiyo neno lenyewe lina mchimbaji ndani yake. Shimo halina. Shimo laweza kuwapo tu, bila mtu yeyote kulifanya. Pengine mfasiri alitaka wepesi. Lakini neno alilochagua limeirudia dhana ya Thomson kwa mkato: mashimo yapo, waliochimba hawapo, mwenyewe ni mfalme wa kitabuni.

Kwa upande wa mapenzi ya wanaume, Kiswahili kilikuwa na akiba kubwa kuliko Kiingereza cha Haggard: sahibu, mwandani, msiri, rafiki wa kufa na kuzikana. Lugha yetu haikuona haya kusema kwamba mwanamume anampenda mwanamume mwenzake. Lakini maneno nayo hupoteza kumbukumbu. Shoga, ambalo kwa wanawake wa pwani ni jina la rafiki wa kike, kwa vijana wengi wa bara limebaki na maana moja tu, ya mwanamume apendaye wanaume, na hutamkwa kama tusi. Mwanafunzi akikutana nalo katika maandishi ya zamani, hustuka au hucheka. Ndicho kicheko kile cha semina.

Kutoka Tanga hadi Kitale

Je, riwaya ya Kiswahili imelijibu pango? Muhammed Said Abdulla alilijibu kwa akili: katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Bwana Msa anakataa kumwachia mzimu kosa lililotendwa na binadamu. Said Ahmed Mohamed alilijibu kwa kuugeuza mzimu kuwa mwalimu: katika Babu Alipofufuka (2001), aliyekufa ndiye anayekumbuka, na aliye hai madarakani ndiye aliyesahau. Hapo kumbukumbu imerudishwa kwa mwenyewe.

Lakini jibu lililo karibu zaidi na mlima wetu ni Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, na aliyefariki Nairobi mwezi Aprili 2020. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anasafiri kutoka pwani hadi Kitale akimtafuta baba yake. Ni safari ya Thomson na ya Leo: kutoka pwani kwenda bara, kutafuta asili iliyofichwa. Ila Kongowea hatafuti vito wala malkia wa milele. Anamtafuta mtu mwenye jina, katika mji wenye barabara na mashamba, na njiani anawauliza watu, nao wanamjibu. Kila anayeulizwa ni shahidi. Kwa kufanya hivyo Walibora aliirudisha Kitale kuwa mahali panapokaliwa.

Hata hivyo jibu hili ni nusu. Riwaya ya Kiswahili imewarudisha wenyeji, lakini mapenzi ya jinsia moja kwa kiasi kikubwa yameachwa palepale alipoyaacha Haggard, gizani, yakitajwa pembeni kama aibu au kichekesho. Na hoja inayotolewa ni kwamba mambo hayo ni ya kigeni. Mwanahistoria wa fasihi hana budi kusema hapa kilicho wazi: maneno kama hanithi, basha na msagaji si ya jana katika lugha hii. Kilichoingia na dola ni kifungu cha sheria. Kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni kizazi cha kile cha 1885, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta pamoja na kile cha 162. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya uamuzi ule, lakini asiseme kwamba kifungu hicho kilizaliwa Masaba.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utupu wa pango na ukimya wa mapenzi katika She vimefumwa kwa uzi mmoja. Kutokana na hayo tunapata tahadhari mbili. Mhakiki wa Ulaya anayefurahia mapenzi yaliyofichwa pangoni bila kuuliza pango lilikuwa la nani, anawafukuza Wasabaoti mara ya pili. Mhakiki wa Afrika Mashariki anayewarejesha Wasabaoti, kisha akanyamaza panapotajwa wale wanaume wawili, ameilinda siri ya Haggard kwa bidii kuliko Haggard mwenyewe.

Suala hili si la vitabu tu. Kati ya 2006 na 2008 mamia ya watu walikufa katika miteremko ya Elgon kwa mgogoro wa ardhi ya Chepyuk, na kiini chake kilikuwa kumbukumbu: nani alikuwa wapi, nani alihamishwa kutoka wapi, nani anakumbukwa katika daftari. Anayetoka huko haulizi kwa mchezo iwapo watu wa makaburini ni wao. Na yule wa Kitale, aliyeuliza juu ya wanaume wawili, aliniambia baadaye ukumbini kwamba hakuwa akitania. Tulipokutana tena wiki iliyofuata, tulianza na swali lake.